Utajuaje kama ni yenyewe? Jeni, chumvi na utando wa seli

Hotuba kwa walimu wa sayansi, wanafunzi wa kidato cha tano na sita na watumishi wa afya, Kigoma mjini

Mgeni rasmi, walimu wangu, wauguzi na matabibu mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, wazazi, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna wanasayansi wanavyotumia jeni kuchunguza protini zinazopitisha ioni kwenye seli za mamalia. Najua mada ikisomwa hivyo kwenye ratiba inatisha. Lakini habari yenyewe ni ya chumvi, na chumvi watu wa mkoa huu tunaijua tangu zamani. Pale Uvinza, karibu na Ruchugi na Malagarasi zinapokutana, maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi hiyo yamelala tabaka juu ya tabaka, na misafara ilikuwa ikiibeba chumvi ile hadi mbali. Chumvi hiyo ikiingia kwenye maji inaachana: sodiamu inabaki na chaji chanya, kloridi inabaki na chaji hasi. Chembe hizo zenye chaji ndizo tunazoziita ioni.

Seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta, na ioni haipiti kwenye mafuta. Hata hivyo, mkipima damu na mkipima ndani ya seli mtaona tofauti kubwa. Nje ya seli sodiamu ni kama milimoli 145 kwa lita, ndani ni kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume chake: ndani kama 140, nje kama 4. Tofauti hiyo ikipotea, moyo unasimama, mishipa ya fahamu inanyamaza, figo zinashindwa kazi. Kuna protini kwenye utando zinazoilinda, na kuna nyingine zinazoitumia. Nyingine ni pampu, nyingine ni visafirishi, nyingine ni chaneli ambazo zikifunguka ioni zinapita zenyewe kwa kasi isiyo ya kawaida. Mkondo wa picoampea moja, ambao ni sehemu moja kati ya trilioni ya ampea, ni zaidi ya ioni milioni 6 kwa sekunde, tena kupitia protini moja tu.

Swali ambalo nataka mtoke nalo hapa ni hili: utajuaje? Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Kwenye utando wa seli moja kuna protini za aina nyingi, zimejipanga bega kwa bega, hakuna jicho linaloziona. Mtu akikuambia "hii ndiyo inayopitisha kloridi", utamwamini kwa ushahidi gani? Kwa miaka mingi ushahidi ulitokana na sumu na dawa: unaweka sumu, kitu kinasimama, unakisia. Jeni ndizo zilizotuwezesha kuacha kukisia. Unaweza kuichukua jeni ukaipachika kwenye seli ambayo haikuwa nayo. Unaweza kuizima. Unaweza pia kubadilisha herufi moja ndani yake, ukabadilisha asidi amino moja, yaani kipande kimoja kati ya elfu na zaidi vinavyojenga protini, halafu ukapima tena. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na pampu ya sodiamu na potasiamu, maana bila yake hayo mengine yasingekuwepo. Jens Christian Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 akitumia mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Kila inapotumia molekuli moja ya ATP, kemikali inayoipa seli nguvu, inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Vijana, mnaona jinsi kazi ya namna hii inavyodai subira.

Pampu hiyo ina adui ambaye wawindaji wa Afrika Mashariki walimtumia bila kujua anafanya nini. Ni sumu ya mti wa msunguti. Waliangulu na Wakamba wa Kenya walichemsha mti huo mpaka ukatoa lami nyeusi, wakaipaka kwenye mishale, na ndovu akaanguka. Kiini cha sumu hiyo kinaitwa uabaini. Kinaishika pampu kwa upande wa nje wa seli na kuisimamisha. Kuna hata panya mkubwa mwenye manyoya marefu, anaishi Afrika Mashariki, ambaye anatafuna gome la msunguti na kujipaka mate yenye sumu ubavuni ili mbwa akimuuma ajute. Habari zake zilichapishwa mwaka 2011, na mimi zilinifurahisha sana.

Sasa sikilizeni ujanja wenyewe. Seli za panya wa kawaida wa maabara zinavumilia uabaini kwa kiwango ambacho kingeua seli za binadamu, nyani au kondoo mara mia kadhaa. Kwa nini? Pampu ni ile ile, kazi ni ile ile. Mwaka 1988 Elmer Price na Jerry Lingrel, huko Cincinnati, Marekani, walichukua jeni ya pampu ya kondoo na kuilinganisha na ya panya. Wakabadilisha asidi amino mbili tu kwenye ile ya kondoo, ya 111 na ya 122, zifanane na za panya. Kisha wakaipachika jeni hiyo kwenye seli za binadamu na kuziwekea uabaini. Seli za kawaida zilikufa. Zilizopokea jeni iliyobadilishwa zikaendelea kuishi na kugawanyika. Asidi amino mbili, kati ya elfu moja hivi!

Lakini haikuishia hapo. Seli yoyote ya binadamu unayoitumia tayari ina pampu yake ya kuzaliwa. Ukiingiza pampu uliyoibadilisha ili uichunguze, utapima zote mbili kwa pamoja na hutajua ipi ni ipi. Ila kama ile uliyoiingiza inavumilia sumu, unaweka uabaini, pampu ya kuzaliwa inanyamaza, na kila unachokipima kuanzia hapo ni cha pampu yako. Kwa hiyo unaweza kuibadilisha tena mahali pengine popote na kuuliza: hapa ukibadilisha, sodiamu inashikwa vizuri au vibaya? Sumu ya mishale ikageuka kifaa cha kutenganisha. Watu wa maabara wanaitumia njia hiyo mpaka leo.

Nije kwenye jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Wauguzi waliopo hapa wanakumbuka Mei 2015 kule Kagunga. Maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikuwa wamekwama ufukweni, kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. Ndani ya wiki chache wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu. Meli ya Liemba ilikuwa ikienda na kurudi kuwaleta watu Kigoma. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Nani anayafungulia maji hayo?

Bakteria wa kipindupindu haharibu utumbo. Ukuta wa utumbo unabaki mzima. Anachofanya ni kuachia sumu inayoingia kwenye seli za utumbo na kupandisha kemikali iitwayo AMP ya mzunguko. Kemikali hiyo ikipanda, protini moja iitwayo CFTR inafunguka na kubaki wazi. Kloridi inamwagika kuelekea ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanazifuata zote mbili.

Jeni ya CFTR ilipatikana mwaka 1989, kwenye kromosomu ya 7, na timu za Lap-Chee Tsui na Jack Riordan kule Toronto na Francis Collins kule Michigan. Hawakuwa wakitafuta kipindupindu. Walikuwa wakitafuta chanzo cha sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, ambao kamasi zinakuwa nzito mapafuni na jasho linakuwa na chumvi nyingi mno. Protini yenyewe ina asidi amino 1,480, na wagonjwa wengi wamekosa moja tu, ya 508.

Hapo ukazuka ubishi mkubwa. Kwa sura, CFTR ilifanana na familia ya protini zinazosukuma vitu kwa nguvu ya ATP. Haikufanana na chaneli yoyote iliyojulikana. Watafiti wakaipachika jeni yake kwenye seli zisizokuwa nayo, zikiwemo seli za ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo wa jamii ya panya, na seli za HeLa, zile zilizotokana na mama Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1951, ambaye seli zake zilichukuliwa bila yeye wala familia yake kuombwa ridhaa. Tukizitaja seli hizo tumtaje na yeye. Jeni ilipoingia, AMP ya mzunguko ilipopandishwa, mkondo wa kloridi ukatokea ambao haukuwepo.

Wengi wangeishia hapo na kusema imethibitika. Lakini mtu makini angeuliza: utajuaje kama kloridi inapita ndani ya CFTR yenyewe? Huenda CFTR imeiamsha tu chaneli nyingine iliyokuwa imelala kwenye seli hizo. Hoja hiyo ni nzito, na kupachika jeni peke yake hakuijibu.

Jibu lilitoka mwaka 1991, kwenye kundi la Michael Welsh, Iowa. Walifikiri hivi: kama ioni zinapita ndani ya CFTR, basi zinagusana na asidi amino zilizo njiani. Tukizibadilisha hizo, mkondo wenyewe lazima ubadilike tabia. Wakachagua lisini ya 95 na lisini ya 335, ambazo zina chaji chanya, wakaweka mahali pake asidi amino zenye chaji hasi, moja kwa wakati. CFTR ya kawaida inaipendelea kloridi kuliko ayodini iliyo katika hali ya ioni, yaani ayodidi. Zile zilizobadilishwa zikageuza upendeleo: ayodidi ikapita kwa urahisi kuliko kloridi. Chaneli nyingine iliyolala kwenye seli isingejua kwamba lisini ya 335 ya CFTR imeondolewa. Ubishi ukapoa.

Mniruhusu niseme wazi: kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika biolojia ya karne iliyopita. Halikutumia nguvu nyingi, lilitumia fikra. Walimu, mkifundisha jenetiki, msiwafundishe vijana majina ya vimeng'enya tu. Wapeni hoja ile ya chaneli iliyolala, waacheni waumize vichwa wiki nzima, ndipo muwape jibu.

Na kipindupindu? Mwaka 1992 walizaliwa panya wa maabara ambao jeni yao ya CFTR ilikuwa imezimwa kabisa. Mwaka 1994 watafiti wakawapa panya hao sumu ya kipindupindu. Utumbo haukumwaga maji. Panya wenye nakala moja nzima na moja iliyozimwa walimwaga kama nusu. Kundi lingine lilipopima baadaye halikuiona nusu hiyo, kwa hiyo hilo la nakala moja lichukuliwe kwa uangalifu. Lile la kwanza halina wasiwasi: bila CFTR, sumu ya kipindupindu haina pa kutolea kloridi.

Sasa mbona chumvi na sukari vinaokoa? Kwa sababu kwenye utumbo ule ule kuna kisafirishi kingine, SGLT1, ambacho kipindupindu hakikigusi. Kinachukua sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja na kuziingiza mwilini, na maji yanazifuata. Robert Crane alilipendekeza wazo hilo kwenye mkutano wa Prague mwaka 1960. Lakini protini yenyewe haikushikika hadi mwaka 1987, ambapo Ernest Wright na wenzake huko Los Angeles walifanya hivi: walichukua mRNA, yaani nakala za maelekezo ya jeni, kutoka utumbo wa sungura, wakaidunga kwenye mayai ya chura wa Kiafrika, na mayai yakaanza kunyonya sukari kwa msaada wa sodiamu. Wakaigawanya mRNA ile mafungu kwa mafungu, wakifuata fungu linaloleta unyonyaji, mpaka wakabaki na jeni moja. Mwaka 1991 wakaonyesha kwamba madada wawili waliokuwa wakiharisha tangu kuzaliwa kila walipopewa maziwa au sukari walikuwa na badiliko moja kwenye asidi amino ya 28 ya kisafirishi hicho. Jeni yenye badiliko lile ikiingizwa kwenye yai la chura, sukari hainyonywi.

Kwa hiyo mama anapochanganya pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi na salama, anakilisha kisafirishi hiki. ORS ya sasa ina milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, bila kuzidisha. Sukari pale haiwekwi kwa ajili ya utamu, na naomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii mlieleze hilo vijijini, kwa sababu wapo wanaopunguza sukari wakidhani ni anasa na kuongeza chumvi wakidhani ndiyo dawa. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Na mgonjwa aliyelegea, macho yameingia ndani, anahitaji dripu mara moja, asicheleweshwe nyumbani.

Nimalizie na malaria, ambayo hapa Kigoma haihitaji utangulizi. Ardem Patapoutian na Bertrand Coste, huko California, walikuwa wakitafuta protini inayoifanya seli ihisi kuguswa. Walikuwa na seli za panya zilizokuwa zikitoa mkondo wa umeme kila zikibonyezwa kwa ncha ya kioo. Wakachagua jeni 72 zilizoonekana zinaweza kuhusika, wakaanza kuzima moja baada ya nyingine kwa vipande vifupi vya RNA. Ni kama fundi umeme anayetafuta waya wa chumba kimoja kwa kushusha swichi moja moja, huku mwenzake yuko ndani akiangalia taa. Wanazima, wanabonyeza seli, mkondo upo. Wanazima nyingine, upo. Hivyo hivyo karibu mwaka mzima, mpaka ya 72, ya mwisho kabisa kwenye orodha. Mkondo ukatoweka. Wakaichukua jeni hiyo na kuipachika kwenye seli za figo za binadamu ambazo hazihisi kubonyezwa, zikahisi. Wakaiita PIEZO1. Hayo yalichapishwa mwaka 2010, na Nobel ikaja mwaka 2021.

PIEZO1 iko pia kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe ikijibana kupita kwenye mshipa mwembamba, chaneli inafunguka, kalsiamu inaingia, kalsiamu inafungua chaneli nyingine ya potasiamu, potasiamu inatoka na maji yanatoka nayo. Mwaka 2018 kundi lile lile lilionyesha kwamba panya wenye PIEZO1 inayofunguka kupita kiasi, ambao chembe zao zimekauka kidogo, hawaugui malaria kali ya ubongo kama wenzao. Wakaangalia jeni za watu, wakakuta badiliko la aina hiyo kwa takriban thuluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika. Kama badiliko hilo linamlinda binadamu kwa kiasi gani bado ni suala la utafiti. Lakini fikirieni: thuluthi moja. Ukumbi huu una watu wengi. Bila shaka wapo hapa wanaolibeba.

Hilo ndilo linaloniuma na kunitia moyo kwa pamoja. Malaria iko huku, damu zenye badiliko hilo ziko huku, na swali liliulizwa California. Siwalaumu waliouliza, wamefanya kazi njema. Nataka tu swali linalofuata liulizwe na mtu aliyelala chini ya chandarua Kasulu au Kibondo, anayejua homa ya mtoto inaanzaje saa nane za usiku. Tanzania ina maabara za jenetiki Muhimbili, Ifakara, Sokoine. Vijana wa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, msiidharau fizikia. Anayepima mkondo wa picoampea anaitumia sheria ya Ohm kila siku, na wengi wanaokwama kwenye kazi hii wanakwama pale, wala si kwenye biolojia.

Kuna jambo mnaloweza kulifanya kabla ya wiki hii kuisha. Mpangilio wa asidi amino za CFTR ya binadamu uko wazi kwenye hifadhidata iitwayo UniProt, kwa namba P13569, na haulipiwi. Simu ya mwalimu mmoja yenye intaneti inatosha. Ufungueni darasani, mhesabu. Kwenye nafasi ya 95 mtakuta K, ambayo ni lisini. Kwenye 335 mtakuta K. Kwenye 508 mtakuta F, ile wanayoikosa wagonjwa wengi. Kisha tafuteni CFTR ya panya mpange mistari miwili juu na chini, muone wapi zinafanana na wapi zimeachana. Kila kikundi kichague herufi moja ambayo kingeibadilisha, kiandike kingepima nini baada ya kuibadilisha, na matokeo gani yangewalazimisha kukubali kwamba wamekosea. Mwalimu mkuu amenikubalia mniandikie kupitia ofisi yake, na nitajibu kila karatasi.

Sasa niko tayari kwa maswali. Tuanze na wauguzi, maana wana zamu.